Nani Anazijua Anwani Zote?

Hotuba hii ilitolewa mjini Lubumbashi mbele ya watunza seva na waandishi wa programu. Inawekwa hapa yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani zimeachwa.

Waheshimiwa walimu, wazee wetu, ndugu na dada mliosafiri kutoka Likasi na Kolwezi, nanyi vijana mnaokesha na seva katika mji huu, nawasalimu nyote na nawashukuru kwa kuja.

Nimeombwa niseme juu ya kazi isiyo na sifa nyingi, yaani kupitia marekebisho ya msimbo aliyoyaandika mwenzako, na hasa marekebisho yanayodai kuondoa mgongano wa anwani kati ya vifaa pepe vya mtandao, yaani vifaa vilivyobuniwa na programu vinapojikuta na anwani moja. Anayeandika msimbo husifiwa siku programu inapowaka. Anayeupitia hukumbukwa siku inapozimika, na mara nyingi hukumbukwa kwa lawama. Hata hivyo, katika jambo hili la anwani, nimeona mara kwa mara kwamba msomaji makini wa mistari ishirini huokoa usiku mwingi kuliko mwandishi hodari wa mistari elfu mbili.

Hoja yangu ni moja, na mtanivumilia nitakapoirudia. Mtu akikuletea kiraka, yaani marekebisho kama hayo, cha kuondoa mgongano wa anwani, usianze kwa kuuliza: je, sasa inafanya kazi? Anza kwa kuuliza: nani anazijua anwani zote? Jibu likiwa «hakuna», basi kiraka hicho hakijaondoa mgongano. Kimeufanya tu uonekane mara chache zaidi, na mgongano unaoonekana mara chache ni mgumu kuukamata kuliko ule wa kila siku.

Tuanze na kinachogombaniwa. Kila kadi ya mtandao, iwe ya chuma au iliyobuniwa na programu, hubeba anwani ya biti 48, ile tunayoiita anwani ya MAC, inayoandikwa kwa jozi sita za tarakimu 0 hadi 9 na herufi a hadi f, kila jozi ikiwa baiti moja, yaani biti nane. Mwaka 1980, kampuni za Digital, Intel na Xerox zilipotangaza pamoja kanuni za Ethernet, yaani za mtandao wa kebo, zilikusudia kila kadi duniani iwe na namba yake peke yake, ili kompyuta iweze kuhamishwa kutoka mtandao huu hadi ule bila kupewa namba mpya. Baadaye kazi ya kugawa namba ilichukuliwa na IEEE, shirika la wahandisi linalotunga viwango. Kiwanda hupewa jozi tatu za mwanzo, kisha chenyewe huhesabu jozi tatu za mwisho, kadi baada ya kadi. Kwa hiyo, kwa kadi ya chuma, swali letu lina jibu: IEEE inavijua viwanda, na kila kiwanda kinazijua kadi zake.

Na kadi pepe, ndugu zangu, ilizaliwa katika kiwanda gani? Haikuzaliwa kiwandani. Programu iliyoiwasha ndiyo iliyoipa namba, na programu hiyo hiyo ikiwashwa katika seva ya jirani hugawa namba bila kumuuliza mtu. Kati ya programu za kuendesha kompyuta pepe, QEMU na libvirt huanza na 52:54:00, VirtualBox huanza na 08:00:27, Xen huanza na 00:16:3e. Jozi tatu zinazobaki ni biti 24, yaani namba 16,777,216. Wengi wakiusikia wingi huo hutulia. Mimi nawaomba msitulie bado.

Nitawasimulia yaliyotokea katika chumba kimoja cha mafunzo hapa mjini, ambacho sitakitaja. Mwalimu aliwapa wanafunzi seva moja kubwa, akamwambia kila mmoja awashe humo mashine pepe yake, yaani kompyuta iliyobuniwa na programu ndani ya seva, kwa QEMU, kwa mkono, kwa kuandika amri. Mashine zote ziliunganishwa kwenye daraja moja la mtandao, yaani swichi (kiunganishi cha kompyuta) iliyobuniwa na programu. Ya kwanza ikawaka, ikapata mtandao. Ya pili ikawaka, na ya kwanza ikaanza kukwama. Ilipowaka ya tano hapakuwa tena na mtu aliyeweza kufanya kazi kwa dakika nzima bila skrini kuganda, na kilichowashangaza zaidi ni kwamba mwanafunzi mmoja alipozima mashine yake, ya mwenzake ilipata nafuu. Wakashuku kebo, wakashuku swichi, na mwalimu akaanza kuulizia bei ya swichi mpya.

Dada mmoja mwanafunzi akaomba kitu rahisi. Akasema: kila mtu aandike amri ya kuonyesha kadi zake, kisha asome kwa sauti anwani anayoiona. Wa kwanza akasoma: hamsini na mbili, hamsini na nne, sifuri sifuri, kumi na mbili, thelathini na nne, hamsini na sita. Wa pili akasoma: hamsini na mbili, hamsini na nne, sifuri sifuri, kumi na mbili… Hawakumfikia wa tatu, maana chumba kizima kilikuwa kimeanza kucheka.

Kwa nini ilikuwa hivyo? QEMU ikiwashwa bila kuambiwa anwani, kadi ya kwanza ya mashine hupewa 52:54:00:12:34:56. Kadi ya pili ya mashine hiyo hiyo hupewa inayoishia na 57, ya tatu 58, na kuendelea. Ndani ya mashine moja utaratibu huu ni safi kabisa, na aliyeuandika hakukosea. Lakini QEMU ya pili haijui kwamba ya kwanza ipo, nayo huanza tena kwenye 56. Nani anazijua anwani zote? Katika chumba kile, hakuna aliyezijua.

Daraja la Linux (mfumo unaoendesha seva) nalo, kama swichi yoyote, huamini kile linachokiona. Hutazama anwani ya mtumaji kwenye kila fremu, yaani kifurushi cha data, inayoingia, huandika kwamba anwani hii ipo kwenye mlango huu, na kwa kawaida huisahau baada ya sekunde 300 lisipoisikia tena. Mashine mbili zikituma kwa anwani moja, daraja huandika mlango wa kwanza, mara linaandika wa pili juu yake, mara linarudi kwenye wa kwanza. Ukiitazama orodha ya daraja mara mbili mfululizo utaona anwani ile ile imeruka kutoka mlango uitwao vnet3 kwenda ule wa vnet5, na vifurushi vyako vinaifuata kokote iliporukia. Seva inayogawa anwani za IP (anwani ya pili, ya kufikiana hata nje ya mtandao wa ndani) inaweza kuongeza chumvi kwenye kidonda: ikiona MAC moja hudhani ni mteja mmoja, na huwapa wote anwani moja ya IP. Katika IPv6, toleo jipya la anwani za IP, angalau mfumo hulalamika, kwa kuwa kadi huuliza majirani kabla ya kuitumia anwani yake. Katika IPv4, toleo la zamani, mara nyingi ni kimya.

Sasa niwaulize: mgongano huu unahesabiwa ndani ya mpaka upi? Hapa Lubumbashi, parseli (kiwanja) namba 14 ya avenue moja ya Katuba haigombani na parseli namba 14 ya avenue ya Kampemba, na mpeleka barua hapotei. Shida huanza pale parseli mbili za avenue ile ile zinapoandikwa 14. Anwani za MAC ni hivyo hivyo. Hazihitaji kutofautiana duniani kote. Zinahitaji kutofautiana ndani ya mtandao mmoja ambamo fremu hufika bila kupita kwenye ruta, kifaa kinachounganisha mtandao mmoja na mwingine. Kwa hiyo mpitiaji wa msimbo lazima ajue avenue yake inaishia wapi. Je, inaishia kwenye daraja la seva hii? Au daraja hilo limeunganishwa na kadi ya chuma, na kadi na swichi ya ukutani, na swichi na seva nyingine tatu katika chumba cha pili? Viraka vingi nilivyovisoma huhesabu parseli za nyumba moja na kudhani vimehesabu avenue nzima.

Basi nije kwenye kiraka chenyewe, kwa sababu ndicho kilichonifundisha mengi.

Kulikuwa na programu ndogo ya kuendesha mashine pepe, iliyoandikwa na vijana wa hapa hapa kwa ajili ya ofisi zisizo na uwezo wa kununua mifumo mikubwa. Programu hiyo haikuhifadhi anwani za mashine. Kila mashine ilipowashwa ilianzishiwa mchakato wake, na mchakato huo ulichagua jozi tatu za mwisho kwa bahati nasibu. Ilifanya kazi vizuri kwa muda mrefu. Tatizo lilijitokeza katika ofisi moja yenye mashine pepe 12, na lilijitokeza kwa namna ya ajabu: kila umeme ulipokatika na kurudi, baadhi ya mashine zilipoteza mtandao. Umeme usipokatika, hakuna tatizo. Mkizijua siku za mji huu mnaweza kukisia kwamba tatizo halikuwa la nadra. Watu wakasema umeme unaporudi kwa nguvu unaharibu kadi, wakanunua stabilizatere, kifaa cha kutuliza umeme. Stabilizatere ikafanya kazi yake vizuri, na mashine zikaendelea kupoteza mtandao.

Kijana mmoja akagundua kwamba mashine zilizokwama zilikuwa na anwani zinazofanana. Alistahili pongezi, na tulimpa. Akaandika kiraka chenye mantiki hii: chagua namba, tazama katika daftari la mashine zinazoendelea, ukiikuta namba hiyo humo, chagua nyingine, usipoikuta, iandike na uitumie. Akakijaribu kwa kuwasha mashine moja moja, kikafaulu, akakileta kipitiwe. Maelezo yake yalikuwa mstari mmoja tu: «Kuondoa mgongano wa anwani».

Ndugu zangu, mngekikubali? Naona vichwa vingine vinakubali. Kiraka kinasomeka vizuri, ni kifupi, na kwa mtazamo wa haraka kinafanya kile kinachosema.

Mimi nilianza na hesabu. Mashine 12 zinatengeneza jozi 66 zinazoweza kugongana. Ukigawanya 66 kwa 16,777,216 unapata uwezekano wa karibu 1 kati ya 250,000. Jambo lenye uwezekano wa 1 kati ya 250,000 likitokea kila umeme unaporudi, hilo si bahati tena. Kuna kitu kinachosababisha, na kiraka hakikukigusa kitu hicho. Kwa hiyo maoni yangu ya kwanza hayakuhusu mstari wowote wa msimbo. Niliuliza: kwa nini namba hizi zilifanana?

Alitafuta, akapata. Kila mchakato ulianzisha bahati nasibu yake kwa mbegu, yaani namba ya kuanzia hesabu, iliyotokana na saa, na saa hiyo ilihesabiwa kwa sekunde nzima. Siku za kawaida watu huwasha mashine moja asubuhi, nyingine mchana, mbegu hutofautiana. Umeme unaporudi, seva huwaka na kuziamsha mashine zote kwa pamoja, na zile zinazoangukia ndani ya sekunde moja huanza na mbegu moja, na mbegu moja huzaa mfululizo mmoja wa namba. Si namba ya kwanza pekee inayofanana; ya pili inafanana, ya tatu inafanana, na ya mia inafanana.

Mnaona sasa kitanzi kile cha «chagua nyingine» kilikuwa kinafanya nini? Mashine ya kwanza na ya pili zilikuwa zinapita njia moja, hatua kwa hatua, kila moja ikidhani inachagua kwa uhuru.

Mtu atasema: lakini daftari si lingezitenganisha? Hapa ndipo naomba msikilize kwa makini zaidi, maana kosa hili liko katika zaidi ya nusu ya viraka vya aina hii ambavyo nimewahi kuvisoma. Mashine ya kwanza inafungua daftari, haioni namba. Mashine ya pili inafungua daftari, haioni namba. Ya kwanza inaandika. Ya pili inaandika. Zote mbili zilikagua, zote mbili zilikuwa sahihi wakati wa kukagua, na zote mbili sasa zina anwani moja. Ukaguzi na uandishi ni matendo mawili, na kati ya matendo mawili daima kuna nafasi ya mtu wa tatu kupita. Kijana wetu alijaribu kwa kuwasha mashine moja moja, na katika hali hiyo nafasi ile haifunguki. Inafunguka umeme unaporudi, yaani katika saa ile ile ambayo kiraka kiliandikwa kwa ajili yake.

Dawa ya jambo hili inajulikana. Ama unaweka kufuli, ili anayefungua daftari alifunge hadi amalize kuandika. Ama unaacha hifadhidata yenyewe ikatae namba iliyokwisha kuandikwa, ili uandishi uwe ndio ukaguzi. Mimi napendelea ya pili, kwa sababu kufuli hutegemea kila mwandishi wa kesho akumbuke kulitumia, na waandishi wa kesho hawakumbuki.

Msidhani kosa hili ni la vijana wa Lubumbashi. Programu kubwa nazo zimepita hapo. libvirt huja na mtandao wake wa ndani unaotumia 192.168.122.0/24, yaani anwani za IP zinazoanza na 192.168.122. Ukiwasha mashine pepe ndani ya mtandao huo, kisha ndani ya mashine hiyo ukaweka libvirt nyingine, ya ndani nayo hutaka 192.168.122.0/24. Waandishi waliweka ukaguzi mzuri: kabla ya kuwasha mtandao, programu hutazama orodha ya njia za mtandao iliyopo kwenye seva, na ikikuta anwani hizo zinatumika, hukataa. Lakini ukaguzi ukifanyika wakati mashine ndiyo kwanza inaamka, kabla kadi yake haijapata anwani kutoka nje, orodha hiyo haina bado njia yoyote inayoonyesha kwamba anwani hizo zinatumika. Ukaguzi unapita, mtandao wa ndani unawaka, kisha kadi ya nje inapata anwani ya 192.168.122, na mashine inabaki haijui nje ni wapi na ndani ni wapi. Ukaguzi ulikuwa wa kweli. Ulifanyika mapema mno.

Turudi kwa kijana. Aliposikia kwamba mbegu ni mbaya, akaleta toleo la pili, na akalileta kwa furaha. Aliachana na mbegu ya saa, akachukua baiti sita moja kwa moja kutoka kwenye chanzo cha bahati nasibu cha kiini cha Linux, yaani sehemu ya ndani kabisa ya mfumo, akazitumia zote sita kama anwani. Alisema: sasa tuna biti 48 badala ya 24, mgongano hauwezekani tena.

Hoja ya wingi ilikuwa na uzito. Kwa biti 24, ukifikisha vifaa 1,000 katika mtandao mmoja una uwezekano wa karibu asilimia 3 wa kupata vinavyofanana, na ukikaribia 4,800 uwezekano unafika nusu kwa nusu. Lakini anwani ya MAC si namba tupu. Katika baiti ya kwanza, biti ya mwisho kabisa husema kama anwani ni ya kifaa kimoja au ya kundi, na biti inayoitangulia husema kama anwani imetoka kiwandani au imewekwa na mwenyeji. Ukichukua baiti sita bila kuchuja, nusu ya anwani zako zitakuwa za kundi, na Linux hukataa kuipa kadi anwani ya kundi. Yaani mashine moja kati ya mbili isingewaka. Kijana alikuwa ameijaribu mara chache akabahatika, akatuma.

Kiini cha Linux chenyewe, kinapohitaji anwani ya bahati nasibu, huchukua baiti sita, kisha huzima biti ya kundi na kuwasha biti ya mwenyeji. Ni mistari miwili mifupi, yenye namba 0xfe na 0x02. Namwomba kila anayepitia msimbo wa aina hii aitafute mistari hiyo miwili, na asipoiona aulize iko wapi.

Nikiwa hapo naongeza jambo ambalo wengi hawalijui, na ambalo lingempata kijana hata kama angechuja vizuri. Daraja la Linux lisilopewa anwani yake maalumu hujipa anwani iliyo ndogo kuliko zote za milango yake. Ukiwasha mashine pepe ambayo mlango wake una anwani ndogo zaidi, daraja hubadilisha anwani, na kwa muda majirani huendelea kulitafuta kwa anwani ya zamani. Seva nzima inakwama kwa sababu ya mashine moja iliyowashwa. libvirt ililitatua hili kwa ujanja ninaoupenda: kwa upande wa seva, mlango wa mashine hupewa anwani ya mashine yenyewe, lakini baiti ya kwanza hubadilishwa kuwa fe, ili iwe kubwa na daraja lisiichague. Ujanja huo una gharama yake. Mashine yenyewe ikiwa na anwani inayoanza na fe, pande mbili za mlango zitafanana kabisa, na kiini kitaanza kulalamika kwamba kinapokea vifurushi vyenye anwani yake chenyewe kama mtumaji. Ndiyo maana libvirt hukataa mashine yenye anwani ya fe. Sasa pigeni hesabu: baiti ya kwanza ikishachujwa hubaki na thamani 64 tu, na fe ni mojawapo. Mashine moja kati ya 64 ingekataliwa, na ofisi yenye mashine 12 ingeweza kukaa muda kabla ya kuliona tatizo hilo na kuanza tena kuulizia bei ya stabilizatere.

Mtu asiondoke hapa akidhani kwamba adui ni bahati nasibu. Mwaka 2019, systemd, programu inayoamsha huduma za Linux, katika toleo la 242 ilianza kuzipa hata kadi kama madaraja anwani za kudumu, zinazokokotolewa kutokana na kitambulisho cha mashine kilichomo kwenye /etc/machine-id pamoja na jina la kadi. Nia ilikuwa njema: anwani isibadilike kila seva inapowaka. Fundi mmoja ninayemfahamu akaandaa seva moja vizuri sana, akainakili diski yake kwenye seva nyingine, zote zikiwa na daraja linaloitwa br0. Kitambulisho kimoja, jina moja, anwani moja. Hapakuwa na bahati nasibu hata chembe, na mgongano ulikuwa wa hakika. Kiraka kilichopendekezwa kilikuwa ni kuandika hati ya kuchagua anwani mpya kila asubuhi. Swali lile lile lingekizuia: nani anazijua anwani zote? Katika mpango wa systemd, anayezitenganisha ni kile kitambulisho, na kunakili diski kumekifuta kazi. Kwa hiyo dawa iko kwenye kitambulisho: diski ya mfano iachwe na faili hilo likiwa tupu, na kila seva itajitengenezea chake itakapowaka mara ya kwanza.

Niseme kidogo juu ya namna ya kusema. Sisi hapa tunaheshimu wakubwa, na hilo ni jema, lakini katika kupitia msimbo heshima isigeuke kuwa ukimya. Nimeona kijana akiona kosa katika kiraka cha mkubwa wake akanyamaza, na nimeona mkubwa akimjibu mdogo wake kwa neno moja tu, «hapana». Vyote viwili havisaidii. Mwandikie hivi: mdogo wangu, au baba, mashine mbili zikifika kwenye mstari huu kwa wakati mmoja, kitatokea nini? Swali la namna hiyo halimdhalilishi mtu, na mara nyingi mwandishi hulijibu mwenyewe kabla hujamaliza chai. Na mweleze wazi lipi linazuia kiraka kisiingie na lipi ni pendekezo tu la ladha yako. Mambo ya nafasi na majina ya vigeu, mimi huyaacha.

Toleo la tatu lilirudi kwenye 52:54:00, likachukua jozi tatu za mwisho kutoka kwenye kiini, likaihifadhi anwani ya kila mashine badala ya kuichagua upya, na likaacha hifadhidata ikatae namba inayorudiwa. Lilikuja pia na jaribio ambalo nalisifu mbele yenu: kijana aliondoa bahati nasibu, akaweka badala yake kitu kinachotoa namba ile ile daima, kisha akawasha mashine mbili kwa pamoja. Kwenye msimbo wa zamani jaribio lilianguka. Kwenye msimbo mpya, mashine ya pili ilijaribu mara chache zilizowekewa kikomo, kisha ikasimama na kusema wazi kwamba haikupata anwani. Jaribio ambalo halijawahi kuanguka kwenye msimbo mbovu halijathibitisha chochote, kwa hiyo ukiwa mpitiaji, lirudishe kwenye msimbo wa zamani uone kama linaanguka.

Lakini avenue je? Ofisi ile ilikuwa na seva mbili kwenye swichi moja, kila moja na hifadhidata yake. Hapo tulibishana, na sikupata nilichokitaka. Mimi nilitaka hifadhidata moja kwa seva zote; wao wakasema seva moja ikizimika ya pili itashindwa kuwasha mashine mpya, na walikuwa na haki, hasa kwa hali ya umeme wetu. Tukakubaliana kwamba kila seva ipewe fungu lake: jozi ya nne iwe namba ya seva, na jozi mbili za mwisho zichaguliwe humo. Hubaki nafasi 65,536 kwa kila seva, ambazo kwa ofisi ile ni nyingi kupita kiasi, na hakuna seva inayohitaji kuuliza ya pili. Namba za seva huandikwa na mtu mmoja, katika karatasi iliyobandikwa ndani ya mlango wa kabati la seva. Karatasi ile ndiyo inayozijua anwani zote, na sioni aibu kulisema hilo mbele ya wahandisi.

Lililobaki ni mashine za zamani. Kiraka kizuri cha anwani kinaweza kuleta hasara kikiingia na kubadilisha kila kitu usiku mmoja. Anwani ya MAC hushikiliwa na vitu ambavyo hukuviandika wewe: seva ya DHCP, ile inayogawa anwani za IP, iliyoitengea anwani yake, kanuni za ukuta wa moto (kinga ya mtandao), matoleo ya zamani ya Linux yaliyoandika kwamba kadi yenye anwani hii ndiyo eth0 na yakiona anwani mpya huiita eth1, hata programu za uhasibu ambazo leseni yake imefungwa kwenye anwani hiyo. Fikirini mhasibu anafika siku ya kulipa mishahara na programu inamwambia hii si kompyuta iliyonunuliwa leseni. Kwa hiyo niliomba, na hili lilikuwa la kuzuia, kwamba mashine zote zilizokuwepo zibaki na anwani zilizokuwa nazo siku ile. Zinazogongana ziandikiwe onyo lenye majina ya zote mbili, na mwenye mashine ndiye achague ipi ibadilike na saa ngapi. Kijana aliongeza mistari hiyo jioni ile ile, na kiraka kikaingia.

Asanteni kwa kunisikiliza. Naona mikono imeshainuka, basi tuingie kwenye maswali.